Bado Anahitaji Usimamizi

Jumatatu, 23 Septemba

Daftari la zamani limejaa. Nusu yake ni uzito wa magunia, nusu ni manung'uniko yangu, na wiki iliyopita mwenyekiti aliniomba aone uzito nikaona haya kumpa. Hili jipya ni la manung'uniko peke yake.

Akiliokota mtu, ajue ni la Mumbua, Mkamba wa Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya, umri miaka arobaini na miwili, fundi wa kubangua korosho katika banda la kikundi cha akina mama hapa Nachingwea. Kiwanda kidogo nilichokifanyia kazi miaka kumi na sita kule kwetu kilifungwa. Shirika moja lenye ofisi Ruangwa lilikuwa linatafuta fundi wa kufundisha akina mama, nikapanda basi. Kusema kweli nilipanda mabasi manne, na miguu ikavimba wiki nzima.

Nalipwa kama wanavyolipwa wenyeji, shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Hapa hakuna anayeamini. Mtu aliyetoka nje ya nchi hawezi kulipwa hela ya kawaida, lazima iko nyingine imefichwa mahali. Mwenye nyumba wangu, Mzee Mahamudu, kila akija kuchukua kodi huniuliza kama dola imepanda au imeshuka. Nyumbani nako hawaamini. Wakisikia laki tatu wanashangilia, hawajui kwamba laki tatu hiyo ikivuka mpaka pale Horohoro inakuwa elfu kumi na kitu, na humo ndimo inamotoka ada ya binti yangu Mutheu, aliye kidato cha tatu.

Imebaki miezi mitatu kwenye mkataba wa miaka miwili. Kibali changu cha kazi kina sharti lake: nimfundishe Mtanzania mmoja kazi yangu mpaka aiweze. Mtanzania huyo ni Hajra, miaka ishirini na sita, mtu wa Mbekenyera. Kila mwisho wa mwezi najaza fomu, na swali la mwisho kwenye fomu linasema: Je, mwanafunzi anaweza kufanya kazi hii bila usimamizi? Nikiandika ndiyo, kazi inakuwa yake na mimi nafunga mizigo. Nikiandika bado, shirika linaweza kuniombea mwaka mmoja zaidi.

Tangu Juni naandika bado. Juni ilikuwa kweli.


Jumatano, 25 Septemba

Joto. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi saa kumi. Tumekaa kumenya kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi.


Jumatatu, 30 Septemba

Nimejaza fomu. "Bado anahitaji usimamizi." Pale penye sababu nimeandika kwamba hajaizoea vizuri hatua ya mvuke, ile ya kupika korosho kabla ya kubangua.

Hajra ndiye anayepeleka fomu. Kila mwisho wa mwezi anakwenda Mbekenyera kumwona mama yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, na njiani anapita Ruangwa ofisini. Kwa kweli shirika lingenipa mimi nauli ningekwenda mwenyewe, lakini halitoi, na mimi sina ya kuchezea.

Kabla hajaondoka aliniuliza, "Dada, wapi niongeze bidii?"

Nikamwambia, "Kwenye mvuke."

"Sawa, dada."

Hakubisha. Afadhali angebisha.


Ijumaa, 4 Oktoba

Hajra anafika banda nusu saa kabla ya wote sasa. Nimemkuta leo amesimama karibu na pipa la mvuke, saa mkononi, anahesabu dakika. Alikuwa anazihesabu sawasawa. Nikapita kama sikumwona.

Korosho za msimu mpya zimeanza kuingia na njia yote ya kuja banda inanuka mabibo. Akina mama wamechangamka. Mwenyekiti, Mama Imrani, jina lake Fatu, ni Mmwera wa Mkotokuyana, mnene, mwenye sauti. Anayemchokoza kutwa nzima ni Lusia, Mngoni aliyeolewa huku na Kornel, fundi seremala. Leo Fatu alimwambia mbele ya wote, "Nyie Wangoni mlikuja huku kutuibia mbuzi. Mbuzi tumesamehe, ila jioni mifuko yako nitaikagua."

Lusia akajibu bila kuinua uso, mikono inaendelea kubangua, "Mbuzi gani? Tuliwakuta mmejificha juu ya miti. Tukadhani ni matunda, tukaanza kutikisa."

Banda zima likaangua kicheko. Kwetu maneno hayo yangeitisha kikao cha wazee.

Mimi hakuna anayenigusa. "Dada Mumbua, karibu chai." "Dada Mumbua, pole na kazi." Mwaka na miezi tisa sijatukanwa hata mara moja. Nalichukulia jambo hilo kuwa heshima, na heshima si haba kwa mtu aliye ugenini.


Jumatano, 9 Oktoba

Mutheu ametuma ujumbe. Viatu vya shule vimepasuka. Nimemjibu asubiri mwezi ujao.


Jumanne, 15 Oktoba

Ndugu yangu Kioko alipiga simu nikiwa naanika. Anataka mabati ishirini.

"Ishirini nitoe wapi, Kioko?"

"Wewe si uko nje?"

Nikamwambia nakaa chumba kimoja, choo tunachangia watu tisa, na juzijuzi nilikula ugali na mchicha siku nne mfululizo. Akacheka. Akasema watu walio nje wote huanza kulia shida wakiombwa. Nikakata simu, nikarudi kwenye korosho zangu, nikazigeuza kwa hasira hadi Fatu akaniambia, kwa upole wake ule, "Pole pole dada, zitaruka."

Nimechoka na huruma ya watu wasionijua, na nimechoka na ukatili wa wale wanaonijua. Jua la huku pia nimechoka nalo.


Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimefanya jambo dogo baya, na kwa kuwa daftari ni langu nitaliandika.

Korosho ghafi haiingii kwenye mvuke kabla haijakauka. Ikiingia na unyevu, ndani inakuwa laini, inaoza ukingoni, na inaharibu nyenzake kwenye boksi. Kuna mashine ya kupima unyevu, ya kwetu iliharibika mwezi wa pili. Mimi napima kwa sikio. Nachota kiganja, natikisa karibu na sikio, nasikiliza punje inavyogonga ganda. Halafu nabangua moja nauma. Kulisomesha sikio langu hivyo ilinichukua miaka minne.

Leo yameletwa magunia mawili kutoka Naipingo. Kabla sijafika, Hajra alikuwa ameshachota, ametikisa, amesikiliza. Akasema, "Hili liko tayari. Hili bado siku moja juani."

Nikachota mimi. Nikatikisa. Nikarudia. Alikuwa sahihi, kabisa kabisa.

Nikamwambia, "Umebahatisha."

Akatabasamu kidogo, akachukua lile gunia la pili akalikokota uwanjani peke yake. Nimekuwa nikiliona tabasamu lile tangu mchana.


Jumapili, 27 Oktoba

Nimeharibu msiba wa watu.

Ijumaa alifariki Bibi Sabaha, mama yake mzazi Fatu, akiwa na miaka themanini na zaidi. Jana asubuhi banda lote tulikwenda Mkotokuyana, wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza kwenda makaburini. Sisi wanawake tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba. Fatu alikuwa katikati, kanga imemfunika mpaka puani. Mtu akanong'ona kwamba hajala wala kusema neno tangu Ijumaa.

Mimi nimelelewa na mzee wa kanisa. Msibani kwetu unakaa, unaimba wimbo wa polepole, unalia kwa zamu. Kwa hiyo nilikaa, nikainamisha kichwa.

Mara mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Lusia. Amejifunga kanga ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, amejikunja mgongo, anakohoa kikohozi kilekile cha Bibi Sabaha ambacho hata mimi nilikijua.

"Imrani! Imrani mjukuu wangu! Nimekufa, na ugoro wangu mmeuficha wapi?"

Watu wakaanza kuguna. Mimi nilihisi damu imenipanda kichwani. Lusia akajikokota hadi kwenye masufuria, akafunua kifuniko kwa ncha ya fimbo.

"Maharage? Nimezaa watoto saba, Wamwera mnanizika kwa maharage? Na wewe Fatu, unalia nini? Nilipokuwa hai ulikuwa unanificha sukari!"

Nikamwona Fatu anatikisika mabega chini ya kanga. Nikadhani analia, nikadhani mwanamke yule amemvunja moyo kabisa. Sikufikiri. Niliinuka, nikampokonya Lusia fimbo mkononi.

"Huna haya wewe! Mama wa watu hata udongo haujamkauka unamwigiza? Toka hapa! Toka!"

 Hata watoto waliokuwa wanachota maji wakasimama.

Fatu akafunua uso. Machozi yalikuwapo, lakini mdomo ulikuwa bado una kicheko. Nilikiona kicheko kile kikifa mbele ya macho yangu, na uso ukarudi kuwa wa mfiwa. Lusia akajinyoosha mgongo. Akaivua kanga polepole, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya mkeka, akaondoka bila kuniangalia.

Hajra alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye mikorosho. Hakunikaripia. Alisema taratibu, kama anamweleza mtoto, "Dada, Wangoni ni watani wetu. Mtani kazi yake msibani ni ile. Mama Imrani alikuwa ndiyo kwanza anapata pumzi. Mtani hafukuzwi. Mtani akifukuzwa, msiba umechafuka."

"Sikujua, Hajra."

"Tunajua hukujua."

Tulirudi kwenye mikeka. Chakula kikaliwa haraka. Wakati wa kuondoka kila mmoja alinipa mkono kwa adabu. "Asante kwa kuja, dada Mumbua." Ndipo nikaelewa adabu ile ni ya namna gani, na nimepewa kwa muda gani. Watu wanamtania mtu wao. Mimi walikuwa wananiwekea kiti cha mgeni, miaka miwili kasoro, nami nikakikalia nikadhani ni cha heshima.


Jumatatu, 28 Oktoba

Lusia hakuja kazini.


Jumanne, 29 Oktoba

Lusia hakuja. Banda limekuwa kama darasa wakati wa mtihani, mlio ni wa mashine tu.


Alhamisi, 31 Oktoba

Fomu. "Bado anahitaji usimamizi." Sababu: anahitaji kujiamini zaidi. Nimeisoma sababu hiyo mara mbili na nikaona inanihusu mimi, nikaiacha hivyohivyo.

Hajra akaipokea, akaitia kwenye mkoba. Akasema, "Jumapili nikirudi twende kwa mama Lusia. Anayemfukuza mtani hutoa kuku. Kuku nitamnunua mimi, wewe watakupandishia bei."


Jumapili, 3 Novemba

Tulimkuta Lusia uani anachambua choroko. Kornel mumewe alikuwa anapiga randa mbao, akanisalimu, kisha akapata ghafla shughuli nyuma ya nyumba. Nikapiga goti, nikaweka kuku chini, nikasema, "Mama, nilikukosea. Sikujua mila. Naomba unisamehe."

Lusia alimwinua kuku kwa miguu, akamgeuza huku na huku, akamkamua paja.

"Hajra, kuku huyu mmemwokota wapi? Amekonda kama mshahara wa huyu dada yako."

Nilishtuka. "Wewe unaujuaje mshahara wangu?"

"Nakuona unanunua dagaa robo kikombe. Mtu wa dola hanunui dagaa robo kikombe." Akamrusha kuku kando. "Kabila gani wewe?"

"Mkamba."

"Sijapata kuwasikia. Mnakula nini huko?"

"Mahindi yaliyokobolewa na maharage."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Ndiyo maana una hasira. Tumbo limejaa gesi limepanda kichwani." Hajra akageuka upande akicheka. Lusia akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Haya. Tangu leo Mkamba ni mtani wangu. Ukifa huku nitavaa nguo zako zote, hata hizo mbaya."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kunipa taarifa. Lusia akaniacha nilie, akaendelea na choroko zake.

Sasa la njiani. Tulikuwa tunarudi kwa miguu, jua limeshapungua makali. Nikamwambia Hajra asante. Nikamwuliza kwa nini amejisumbua yote haya kwa ajili yangu.

"Si mwalimu wangu?"

Tukaenda hatua kadhaa. Kisha akasema, macho yakiwa mbele, "Dada, zile fomu hazifungwi. Mimi ndiye ninayezipeleka."

Nikajifanya nafunga kanga upya.

"Nimezisoma zote. Ya Juni ulisema kweli. Ya Julai labda."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wewe una mtoto anasoma. Mimi nina mama haoni." Akahamisha mkoba bega la pili. "Wananilipa posho ya mwanafunzi, dada. Nusu ya ile yako. Lakini ningesema, ungeniona adui, na nilikuwa bado sijajua kusikiliza korosho."

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi. Nilimwomba radhi Lusia kwa goti na kuku, na Hajra nikamwambia tu, "Tuharakishe, giza linaingia." Giza lilikuwa mbali.


Ijumaa, 8 Novemba

Lusia amerudi na mdomo wake wote. Leo kaniita gunia la mahindi makavu. Nikamjibu kwamba afadhali gunia lenye mahindi kuliko Mngoni aliyekuja na gunia tupu kuiba ya wenzake. Fatu alicheka hadi akaweka kisu chini. Nimerudi nyumbani nimechoka vilevile, mgongo uleule unauma, lakini alasiri nimelala kama mtoto.


Jumamosi, 16 Novemba

Habari imekuja kwamba mnunuzi kutoka Dar atafika Desemba tarehe kumi na tisa. Akiridhika na mzigo, atachukua korosho zetu mwaka wote ujao. Fatu ameitisha kikao, wote wamesimama mikono viunoni kama wanaokwenda vitani. Ameuliza nani atapitisha magunia ya mwisho kabla ya mvuke. Wote wakanitazama mimi. Hajra naye akanitazama.


Alhamisi, 21 Novemba

Mawingu, lakini hakuna kitu. Joto la kukata pumzi. Mafuta ya ganda yamenibabua kidole cha shahada, kalamu naishika kwa shida.


Jumamosi, 30 Novemba

Shirika limeandika. Fomu ya mwisho itakuwa ya tarehe kumi na tano Desemba, na hiyo ndiyo itakayoamua. Hii ya leo ni ya kawaida tu.

Nilikaa nayo toka saa saba mchana. Mutheu anaingia kidato cha nne Januari. Nilijaribu kuwaza nikirudi Kwale nitafanya nini, nikajiona nimekaa barazani kwa Kioko nikisubiri sahani, nikisikia mkewe anavyoweka vyombo kwa kelele. Nikawaza, mwaka mmoja tu. Hajra ni kijana, mwaka mmoja hautamuua. Nilijibembeleza hivyo kwa muda mrefu.

Nikaandika, "Bado anahitaji usimamizi." Sababu sikuandika.

Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nilikwenda dukani kwa Rashidy nikanunua bahasha na gundi. Nikaifunga.

Hajra alipokuja kuichukua aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu. Kidole gumba kikapita pale penye gundi, mara moja. Akaitia kwenye mkoba.

"Msalimie mama," nikamwambia.

"Zimefika, dada."

Nimeishi miaka arobaini na miwili, sikumbuki siku niliyojichukia namna hii.


Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza. Tumekimbia na maturubai kutwa.


Ijumaa, 6 Desemba

Mvua.


Jumatatu, 9 Desemba

Jua likitoka tunatoa magunia, tunamwaga, tunageuza. Wingu likionekana tunakusanya, tunafunga, tunaingiza. Leo mara tano. Lusia kasema Mungu naye ni mtani wetu, anatuchezea. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kucheka. Hajra anafanya kazi ya watu wawili na bado ananiletea mimi maji ya kunywa. Bora angenimwagia.


Ijumaa, 13 Desemba

Jana jioni nilipitisha magunia sita ya mwisho. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, nguo zimelowa mgongoni. La sita nilichota kiganja kimoja, nikatikisa mara moja, nikasikia nilichotaka kusikia. Nikalitia alama ya chaki, nikaenda zangu.

Leo asubuhi wameanza kuyapeleka kwenye mvuke. Hajra ndiye alikuwa mlangoni pa chumba cha mvuke. Akapokea la kwanza, la pili, hadi la tano. La sita akalisimamisha. Akachota. Akatikisa. Akachota tena upande wa chini wa gunia, mahali ambapo mimi sikuchota. Akabangua moja, akauma, akatema.

"Hili haliingii."

Mashine zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Nikasema, kwa sauti niliyokuwa nayo, "Hajra, hilo nimelipitisha mimi."

"Najua, dada. Nimeona chaki yako." Mkono alikuwa ameubana kwenye gunia. "Haliingii."

Macho ya wote yalikwenda kwenye mkoba wangu, nikaelewa kwamba kila mtu pale alijua kuhusu fomu. Kumbe wamejua siku zote. Walijua kwamba karatasi ya tarehe kumi na tano ipo kwenye mkoba wangu, uliotundikwa msumarini, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Naye alijua zaidi yao. Angeweza kulisukuma gunia likapita. Likiharibu mzigo lingekuwa kosa langu, na mimi ndiye ningeondoka kwa aibu. Au angelipitisha kimya, anipendeze, aombe Mungu. Badala yake kalisimamisha mbele ya watu.

Nilitaka kumfokea. Neno lilishafika mdomoni. Lusia alikuwa ananitazama bila utani wowote usoni.

Nikachukua mkasi wa kubangulia, nikakaa chini, nikahesabu korosho ishirini kutoka chini ya gunia. Nikazifungua moja moja mbele ya wote. Saba zilikuwa laini, na tatu kati ya hizo zilikuwa zimeanza kuweka weusi ukingoni.

"Haliingii," nikasema.

Nikaliinua mwenyewe. Fatu akanipokea upande wa pili, tukalitoa nje, tukalimwaga juu ya turubai. Jua lilitoka kama saa moja hivi. Nilikaa pale nikizigeuza, na nilichokihisi, kabla ya aibu na kabla ya hofu, kilikuwa fahari. Sikio lile nimelifundisha mimi, na sasa limelishinda la kwangu.


Jumapili, 15 Desemba

Nimejaza fomu asubuhi, kabla ya chai, nisije nikapata muda wa kujibembeleza.

"Je, mwanafunzi anaweza kufanya kazi hii bila usimamizi?"

"Ndiyo. Ameniweza hata mimi."

Pale penye sababu nimeeleza habari ya gunia la sita, lote, na chaki yangu. Nimeeleza pia kwamba aliweza tangu Agosti, na kwamba mimi ndiye niliyechelewa kuandika. Mkono ulikuwa mzito lakini mwandiko umetoka mzuri.

Hajra alifika saa nne na bodaboda ya Hassani. Injini ilikuwa inanguruma nje, mawingu yamejaa upande wa Ruangwa. Nikampa karatasi bila bahasha. Alitaka kuikunja aitie kwenye mkoba.

"Isome," nikamwambia.

"Nitaisoma njiani, dada."

"Isome hapahapa."

Akasoma akiwa amesimama. Alisoma polepole, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa asante. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi, maana nilikuwa nayo yangu. Akainua uso, na ulikuwa uso wa mtu mwenye wasiwasi.

"Dada," akasema, "sasa wewe utakula nini?"

Nikamwambia awahi, mvua inakuja, ofisi kesho inafunguliwa mapema, mama yake anamsubiri. Niliyasema yote hayo kwa haraka sana.

Hajra akamgeukia Hassani akamwambia azime pikipiki. Akakaa kizingitini kwangu, karatasi mapajani, akaniuliza tena, na safari hii akasubiri nijibu.